Bunduki ya Hewa Kando ya Mto Tana

Mume wangu alikufa kwa homa, mtama wetu ukiwa umefika magotini. Alirudi kutoka shambani adhuhuri akasema kiuno kinamuuma, akalala, na kesho yake mkojo wake ulikuwa mweusi kama kahawa. Dresa wa hospitali ya serikali pale Garissa, yule msaidizi wa daktari, aliutazama mkojo ule. Alimfunua mume wangu macho, yamekuwa manjano, akaniambia nitoke nje kidogo nikapate hewa. Nilikwenda nikasimama kwenye kivuli cha ukuta. Niliporudi ndani walikuwa wameshamfunika uso.

Nakumbuka nilichofikiri wakati ule. Nilifikiri kwamba jembe lake limebaki shambani nje na huenda likaibwa. Hilo ndilo lililonijia, na nilirudi nyumbani nikalitafuta, nikaliingiza ndani, halafu nikakaa chini kuwapokea watu.

Mume wangu alikuwa Msomali wa Wajir, mtoto wa wafuga ngamia. Alifanya kazi ya udubasi, ile ya askari wa serikali wa kilemba chekundu, na alipostaafu hakurudi kwenye ngamia. Alinioa mimi, Mpokomo wa chini ya mto, akafyeka kipande cha ardhi kando ya Tana na kuanza kulima. Ndugu zake walimcheka. Walisema amekuwa mtu wa jembe, anakula matope. Yeye alicheka pamoja nao, kisha akaendelea kulima. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kwa sababu yeye hakujua Kipokomo na Kisomali changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Hatukujaliwa mtoto.

Wanawake walikuja kulia nami, na mimi sikulia. Niliwapikia kahawa. Mmoja alinishika mikono akasema, "Lia, dada, usijiweke hivyo, utaugua." Nilimtazama mdomo ukienda. Umewahi kulalia mkono hadi ukafa ganzi, ukaugusa kwa mkono wa pili ukahisi ni wa mtu mwingine? Mwili wangu wote ulikuwa hivyo. Nilikula kwa sababu chakula kiliwekwa mbele yangu. Nilivaa nguo nyeupe za mjane kwa sababu nililetewa.

Mama mkwe alifika kwa lori la kubeba ngozi, siku nyingi baada ya maziko. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko mimi, na mwanawe huyo ndiye aliyekuwa kitinda mimba wake. Aliuliza kaburi liko wapi, akaenda akakaa huko mpaka alasiri, akarudi. Kisha akaingia jikoni kwangu, akageuza mawe ya jiko yakaelekea upande alioutaka yeye. Sikumzuia. Kiswahili chake alikipata sokoni kwa kuuza samli, na herufi ya p ilikuwa ikimpotea ikageuka b. Mimi nilimwita hooyo, yaani mama, kama mwanawe alivyomwita. Yeye aliniita gabar, binti.

Nilikaa eda. Sheikh alisema shamba lililo nyuma ya nyumba ni kama ua wangu, kwa hiyo niliruhusiwa kulipalilia. Nikapalilia. Mtama ukapanda ukanifika kifuani, ukanipita kichwa. Watu walisema Mungu amenibariki kwa mtama mzuri. Mimi niliuona kama mtama wa mtu mwingine niliyeajiriwa kumtunzia.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja eda ikiwa katikati. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye mkeka nje, mama yake akatuketisha mimi na yeye na pazia la kanga katikati.

"Abaayo," aliniita, dada, "nyumba ya ndugu yangu ni nyumba yangu. Eda ikikwisha mimi ntachukua wewe. Hiyo ndiyo dumaal, ndiyo desturi yetu, mjane habaki beke yake. Tutaenda Wajir bamoja na mama. Hii shamba tutaacha."

"Nimesikia," nilisema.

"Umekubali?"

"Nimesikia, shemeji."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuja na sukari na majani ya chai, na jina la ndugu yake alilianza mara mbili. Alisema atarudi mtama ukishavunwa, kwa sababu kuacha chakula shambani ni dhambi. Akaondoka. Mama mkwe alifungua pazia, akalikunja, akanitazama, kisha akaenda kuchota maji.

Eda ilipokaribia kwisha, masuke yalianza kutia maziwa, na ndege wakaja.

Aliyewahi kulima mtama kando ya Tana hahitaji kuelezwa. Walitangulia wale wadogo wenye mdomo mwekundu, wanaokuja kama moshi, wanatua masuke yanainama, wanaruka masuke yamebaki makapi. Wakafuata njiwa na tetere. Asubuhi na jioni kanga walitoka vichakani wakitembea kwa mstari kama wanafunzi, wakaruka na kuvunja mabua. Tumbili walivuka kwa matawi ya miti ya mtoni, wakala kidogo na kutupa kingi. Na ile mbegu tuliyoiweka ghalani, panya waliikuta.

Mume wangu alikuwa amejenga dungu katikati ya shamba, jukwaa la miti ambalo mlinzi hukaa juu yake. Mimi na mama mkwe tulipanda huko kwa zamu. Mama mkwe alitumia teo, alirusha mawe vizuri, maana alichunga mbuzi tangu utotoni. Lakini bega lilikuwa bovu. Siku moja nilimkuta amekaa juu ya dungu, teo mapajani, njiwa wanakula mbele yake, anawatazama tu.

"Mkono umekufa," alisema. "Wao wanajua."

Nilikaa kando yake. Tulitazama ndege wakila mtama wa mwanawe. Nami, bila kupanga, nikasema, "Kuna bunduki ya hewa. Yeye alitaka kununua moja baada ya mavuno."

"Bunduki ya hewa ni nini?"

"Haina baruti. Inasukuma risasi ndogo kwa upepo. Wazungu wanapigia njiwa."

Akafikiri. "Haya," alisema. "Nunua."

Hivyo tu. Sijui kwa nini nilitaka kitu kile, kwa maana wakati ule sikuwa nataka kitu chochote. Labda kilikuwa kitu cha kwanza ambacho mtu hakuniletea akaniwekea mkononi.

Eda ilipoisha nilioga, nikabadili nguo, tukaenda wote wawili bomani kuomba ruhusa. Huko juu kwenye milima ya Wakikuyu kulikuwa na vita, na serikali haikupenda kusikia neno bunduki, hata ya hewa. Karani alinisikiliza akacheka.

"Mama, wewe unataka bunduki? Mume wako yuko wapi?"

"Amekufa."

Akaacha kucheka. Aliingia ndani, na baada ya kitambo Bwana DC akatoka mwenyewe, kijana wa Kizungu mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Alimkumbuka mume wangu tangu zama za udubasi. Akauliza kwa Kiswahili cha shule, "Utapiga nini?"

"Ndege, bwana. Na panya."

"Na nani tena?"

Nilimtazama nisijue anataka nijibu nini. Mama mkwe akajibu kwa niaba yangu, "Na tumbili."

Yule kijana akacheka, akasema tumbili wanaruhusiwa. Akaniambia nisiiuze wala nisimwazime mtu. Karani akaniandikia ruhusa.

Duka lenye bunduki za hewa lilikuwa la Mwarabu mmoja mnene, mtaratibu, aliyeuza pia chumvi, tumbaku, nguo na misumari. Aliagiza bunduki hizo kwa ajili ya maofisa waliopenda kuwinda njiwa Ijumaa na Jumapili. Tulipomwambia tunachotaka hakucheka. Alifunga nusu ya mlango jua lisiingie, akatandika gunia juu ya meza, akaleta bunduki tatu akazipanga.

"Kwanza niambie, binti yangu," alisema, "unataka kumla huyo ndege, au unataka tu afe?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Kwetu chini ya mto tulikula kanga tangu utotoni, baba yangu aliwategea mitego ya kamba. Kwa mama mkwe, ndege ni kitu kisichotajwa karibu na chakula. Wafuga ngamia huwadharau watu wanaokula mawindo madogo. Nilimtazama. Alikuwa anaangalia misumari.

"Nitamla," nilisema.

"Basi lazima umchinje angali hai," alisema Mwarabu. "Risasi ikimuua kabla hujafika na kisu, huyo ni mzoga, haliwi. Kwa hiyo usiangalie ile inayoua sana. Angalia ile inayoangusha."

Akashika ya kwanza, mpya, nyembamba, nyepesi. Risasi zake zilikuwa ndogo kama punje ya mtama, zimebanwa kiunoni kama nyigu. Alisema hiyo inakwenda mbali na moja kwa moja, lakini risasi ndogo hupenya. Njiwa hupigwa akaruka nayo, akaenda kufia kichakani, nawe unampata jioni amekauka. "Kwa panya ni nzuri sana," alisema. "Kwa sufuria, hapana."

Ya pili nayo ilikuwa mpya, mdomo wa mtutu mpana zaidi, risasi zake kubwa. Hiyo ilipiga kwa kishindo, ndege huanguka palepale. Ili kuijaza upepo unaukunja mtutu kwenda chini mpaka springi ya ndani ikamate. Nilijaribu. Mtutu ukafika nusu ukagoma. Nikauegemeza pajani, nikasukuma kwa mikono miwili, ukafika, na pumzi yangu ikawa imekwisha.

"Utafanya hivyo mara ngapi asubuhi moja?" aliuliza.

Nilimrudishia bunduki. Alijua mwenyewe.

Ya tatu ilikuwa kuukuu. Ilikuwa ya ofisa aliyehamishwa, akamwachia Mwarabu aiuze. Kitako kilikuwa na mikwaruzo, na nilipokiweka begani niliona ni kifupi kuliko vile vingine. Kilinikaa kana kwamba nimepimwa.

"Kimekatwa," alisema Mwarabu. "Mke wa yule bwana ndiye aliyekuwa akiipiga. Mumewe hakuwa na shabaha."

Mama mkwe alicheka kwa pua. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Risasi zake zilikuwa zile kubwa, lakini springi ilikuwa imelainika kwa kutumiwa. Niliukunja mtutu kwa mkono mmoja na nusu, ukakubali. Mwarabu akasema twende nyuma ya duka tuzijaribu zote, maana bunduki hainunuliwi kwa maneno. Aliweka debe tupu la mafuta juu ya jiwe. Ile nyembamba ilitoboa debe pande zote mbili, vijitundu viwili visafi. Ile mpya ya pili ilitoboa upande mmoja na kulirusha debe likabingirika. Ile kuukuu ilikohoa, risasi ikagonga debe, ikaanguka chini. Debe lilikuwa na kishimo tu.

"Ni hiyo unataka?" aliuliza mama mkwe.

"Subiri, mama," alisema Mwarabu. "Ndani yake kuna ngozi inayozuia upepo usitoroke. Jua la hapa limeikausha." Alileta kikopo cha mafuta ya cherehani, akadondosha matone machache kwenye kitundu, akaisimamisha bunduki ukutani, akaagiza chai. Tulikunywa chai. Tulipopiga tena, ilitoboa debe upande mmoja na risasi tukaikuta ndani, imebonyea.

Nilipiga mwenyewe mara kadhaa. Nakumbuka jambo moja kwenye mapigo yale. Mwarabu alinifundisha nilaze shavu kwenye mti wa kitako, nishushe pumzi nusu, nisiitoe iliyobaki, kisha nivute kidole polepole. Nilipoizuia pumzi nikasikia kitu kinagonga shavuni, taratibu, dum, dum, na shabaha ikawa inapanda na kushuka nacho. Nilidhani bunduki ina hitilafu. Nikamwambia.

"Huo ni moyo wako," alisema. "Piga katikati ya mapigo yake."

Nilinunua ile kuukuu kwa fedha za mbuzi tuliowauza, pamoja na makopo ya risasi na kikopo cha mafuta. Mwarabu alinionya mambo mawili. Nyani mkubwa nisimpige kamwe, kwani risasi ile itamkasirisha tu na atanifuata. Na wale ndege wadogo wa midomo myekundu hakuna bunduki inayowamaliza, hata mzinga. Hao tuendelee kuwapigia makopo. Nilimshukuru kwa kutoniuzia uongo.

Siku za kwanza sikupiga kitu. Nilipanda dungu alfajiri baada ya sala, bunduki mapajani, mama mkwe akizunguka chini na debe lake, akiligonga. Nilikosa njiwa, nilikosa tetere, nilikosa hata kanga aliyesimama akanitazama. Kisha nikampiga mmoja kichwani, akaanguka kama kitambaa. Nilishuka mbio na kisu, nikafika, shingo imelegea, jicho limefunikwa na utando. Nilimshika miguu nikasimama naye kati ya mabua. Nilingoja nihisi kitu, furaha au huruma. Nilihisi uzito wake tu. Nikamtupia korongo wa jalalani.

Baadaye nilijifunza. Kanga ukimpiga shina la bawa anaanguka na kujizungusha, na ukiwa karibu unamfikia. Niliacha kupiga kutoka juu ya dungu, nikawa nakaa chini pembeni ya shamba, kwenye njia yao ya kuingilia. Nilisema bismillahi kabla ya kuchinja, kisu kikali, mara moja. Nilikuwa nafanya yote hayo vizuri, na ndani hakuna mtu. Majirani walisema mjane yule amekuwa mwindaji. Wengine hawakuacha wasichana wao wanitembelee. Haikuniuma. Wakati ule hata moto wa jiko ulinichoma kidole nikaona kwanza lengelenge, ndipo nikajua.

Tumbili waliielewa bunduki upesi. Dume lao nililipiga risasi ya makalioni kwa mbali, likapiga kelele, likajitazama nyuma, likanitazama mimi. Kuanzia hapo lilikaa ng'ambo na kundi lake, na walipoona fimbo tu mkononi mwangu walidhani ndiyo. Mama mkwe alianza kupanda dunguni na mwiko, anaushika begani kama mimi. Walikimbia.

Ghalani nilipiga panya wakati wa mchana, mlango ukiwa wazi kidogo. Sina la kusimulia juu ya panya.

Nyama ya ndege nilipika peke yangu, kwenye chungu changu kidogo, nje. Mama mkwe alikula ugali wake na maziwa, amenipa mgongo. Hakunikataza wala hakunisema. Siku moja, sijui ni kwa sababu mbuzi walikuwa wamekauka maziwa au kwa sababu gani, nilikuwa nimepika kwale kwa nazi na ndimu kama mama yangu alivyopika. Alikuja akakaa karibu na chungu. Akanyoosha sahani yake.

"Nibe," alisema.

"Hooyo, ni ndege."

"Mimi si kibofu. Nibe."

Nilimpa. Akala polepole, akatoa mifupa akaipanga ukingoni mwa sahani. Alipomaliza akasema, "Mtoto wangu alikula hii?"

"Alikula."

"Alisema nini?"

Ilibidi nikumbuke. Kwa muda mrefu sikuwa nimejiruhusu kukumbuka sauti yake. "Alisema nisimwambie mama yake."

Aliguna. Akaomba mchuzi uliobaki.

Tulivuna. Si mavuno makubwa, ndege wadogo walichukua chao, lakini magunia yalitosha kutufikisha msimu mwingine na mengine kuuza. Na shemeji akarudi, kama alivyosema. Alikuja na ngamia wawili waliobeba samli na mikeka, na ngamia wa tatu hana mzigo. Huyo ndiye wangu.

Alifika na njaa. Siku ile nilikuwa nimepika kanga wawili kwa wali. Niliduwaa na sufuria mkononi, sijui nimfiche au nimpe. Mama mkwe alinipokonya, akapakua, akamwekea mwanawe sinia mbele, akasema naye kwa Kisomali neno moja ambalo nililielewa, kula. Akala. Alikula mpaka akaanza kusafisha mifupa kwa meno. Akauliza ni mbuzi gani mwenye mifupa midogo hivi.

"Mbuzi wa mtoni," mama yake alimjibu.

Shemeji alitazama mifupa, akamtazama mama yake, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni, na mwisho akaiona bunduki imeegemea nguzo. Sikujua kama atatapika au atapiga kelele. Akafuta mikono taratibu, akasema alhamdulillahi, kwa sababu chakula kikiliwa lazima kishukuriwe. Kisha akaulizia jambo lililomleta.

"Abaayo, ngamia yako iko. Tuondoke kesho?"

"Siondoki, shemeji."

"Hujanikubali mimi?"

"Sijakukataa wewe kwa ubaya. Sitaolewa. Nitakaa hapa."

"Na nani?"

 Sikuwa nimempangia mtu yeyote kukaa nami. Mama mkwe alikuwa anakusanya vyombo, akasema maneno mengi kwa Kisomali, haraka, bila kuinua kichwa. Shemeji alijibu. Yeye akasema tena. Shemeji akashika ndevu. Mwishowe akanigeukia kwa Kiswahili.

"Mama anasema yeye ni mzee, hatabanda ngamia tena. Anasema kaburi ya mtoto wake iko hapa. Anasema..." akasita, "anasema huku chakula ni kizuri."

Alilala nje, na asubuhi akafunga ngamia zake. Alituachia samli yote. Aliniambia nikihitaji kitu nitume neno kwa lori la Wajir. Nilimwambia ahsante, na safari hii nilimaanisha, ingawa sauti yangu ilitoka kavu kama kawaida. Tulimtazama akipotea kwenye miiba upande wa Galbet, kwenye njia ya Wajir, wale ngamia watatu, mmoja mtupu.

Baada ya hapo nilichukua bunduki nikaenda shambani, kwa mazoea tu, maana mtama ulikuwa umekwisha kuvunwa. Njiwa walikuwa wanaokota punje zilizomwagika. Nilikaa chini, nikakunja mtutu, nikaweka risasi, nikalaza shavu. Njiwa mmoja alikuwa karibu kabisa. Nikazuia pumzi. Sikumwona vizuri. Nilipangusa jicho nikidhani ni jasho, nikalenga tena, na tena akawa hapo lakini ameyeyuka. Ndipo nikagundua mti wa kitako umelowa.

Nililia pale chini kati ya mabua yaliyokatwa mpaka nikaishiwa nguvu. Mara moja niliinua uso, nikamwona mama mkwe amesimama pembeni mwa shamba, mwiko mkononi. Hakuja. Alikaa palepale alipokuwa, kwenye mchanga, akangoja.

Nilipokwenda kwake aliuliza, "Umebiga?"

"Sikupiga."

"Haya. Kesho."

Tulirudi nyumbani. Nilisikia njaa siku ile, njaa hasa, nikala mpaka nikaona aibu. Sitasema kwamba nilipona. Ganzi inapotoka huwa kama sindano, na kwa miezi mingi nilikuwa nikishtuka nimesimama mahali sijui nilikuwa naenda wapi. Lakini nilianza kuhisi jiko likinichoma kabla ya lengelenge.

Mama mkwe alikaa nami miaka mingi. Alijifunza kupanda kunde na ndizi, akawa mkali kwa maji ya mfereji wa mashamba kuliko jirani yeyote. Watu wa kwao walipokuja kumtembelea aliwapikia mwenyewe, na hakuwaambia ni mbuzi gani.